Kidonge "kisicho na homoni" kwa ukavu wa baada ya hedhi: kinatibu nini, na kinadai nini?

Mwanamke wa Nduguti, wilayani Mkalama mkoani Singida, aliyekoma hedhi miaka kadhaa iliyopita, kisha akaanza kuhisi ukavu, muwasho na maumivu wakati wa tendo la ndoa, huenda akapewa majibu matatu yanayopingana. Dukani ataambiwa ana fangasi, au ule ugonjwa uliozoeleka siku hizi kuitwa UTI sugu. Wa rika lake watamwambia ni umri, avumilie. Na kwenye simu atakutana na habari za kidonge cha kumeza "kisicho na homoni", kinachorudisha hali ya zamani bila hatari zinazosemwa juu ya homoni.

Jibu la tatu ndilo linalovutia kuliko yote, na ndilo linalohitaji kupimwa kwa utulivu. Kidonge cha namna hiyo kipo kweli. Kimepita kwenye majaribio, kimeidhinishwa na mamlaka kubwa za dawa duniani, na kinafanya kazi. Lakini sifa inayokiuza, ya kutokuwa na homoni, haimwambii mgonjwa jambo analopaswa kujua kwanza: kikishaingia kwenye damu, kinakwenda kugusa nini.

Kinachotokea mwilini

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Ovari hupunguza kutengeneza estrojeni, na kuta za uke, mlango wa mkojo na shingo ya kibofu ni sehemu zinazoitegemea sana homoni hiyo. Inapopungua, kuta huwa nyembamba, mishipa ya damu hupungua, ute hukauka na ngozi ya ndani huchubuka kwa urahisi. Sukari iliyokuwa ikihifadhiwa kwenye chembe za kuta hizo hupungua pia, na bakteria wazuri waliokuwa wakiila na kutengeneza asidi hukosa chakula. Asidi ikishuka, vijidudu vinavyotoka njia ya haja kubwa hupata nafasi. Ndiyo maana baadhi ya wanawake waliokoma hedhi huugua UTI mara kwa mara bila kubadili chochote katika usafi wao.

Inakadiriwa kuwa karibu nusu ya wanawake waliokoma hedhi hupata dalili hizi kwa kiwango fulani. Tofauti yake na vipindi vya joto la ghafla ni kubwa. Joto hilo kwa wengi hupungua lenyewe baada ya miaka. Ukavu haupungui, na usipotibiwa huelekea kuongezeka. Ushauri wa kuvumilia mpaka yapite, kwa hiyo, una kasoro ya msingi, kwa sababu hayapiti. Mwaka 2014 vyama viwili vya kitaalamu vilikubaliana kuziunganisha dalili za uke na za mkojo chini ya jina moja la kitabibu, kwa kuwa chanzo chake ni kimoja. Kwa mgonjwa, maana yake ni kwamba muwasho, maumivu ya ndoa na mkojo unaochoma vinaweza kuwa tatizo moja, wala si matatu ya kutibiwa kwa dawa tatu tofauti.

Vitu vitatu chini ya jina moja

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na ukweli kwamba "kidonge kisicho na homoni" ni maelezo yanayobandikwa kwenye vitu visivyohusiana.

Cha kwanza ni ospemifene. Huyu ndiye mhusika mkuu wa uchambuzi huu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikiidhinisha Februari 2013 kwa maumivu ya wastani hadi makali wakati wa kujamiiana yanayotokana na kukoma hedhi, na mwaka 2019 ikaongeza ukavu wa uke kwenye orodha ya matumizi. Umoja wa Ulaya ulikiidhinisha mwaka 2015. Ni kidonge cha miligramu 60, kimoja kwa siku, pamoja na chakula, kwa sababu chakula huongeza kiasi kinachoingia kwenye damu.

Cha pili ni dawa mpya za vipindi vya joto, hasa fezolinetant, iliyoidhinishwa na FDA Mei 2023. Hizi hufanya kazi kwenye ubongo, mahali panaporatibu joto la mwili. Kweli hazina homoni wala hazigusi njia za estrojeni, na kwa sababu hiyohiyo hazitibu ukavu wa uke. Mwanamke akisoma habari ya hii akadhani ni ile, atatumia fedha nyingi kwa dawa isiyolenga tatizo lake. Tena Desemba 2024 FDA iliiwekea fezolinetant onyo lake la juu kabisa kuhusu madhara kwenye ini.

Cha tatu ni kapsuli za virutubisho: za soya, za mafuta ya maua, za mitishamba ya kila aina, zinazouzwa kwa mitandao ya watu na kwenye mabasi. Ushahidi kwamba zinarekebisha kuta za uke ni hafifu, na nyingi hazijawahi kujaribiwa kwa lengo hilo. Sitazichambua zaidi.

Hofu ya homoni ilikotoka

Bila kuelewa hofu hii haiwezekani kuelewa kwa nini neno "kisicho na homoni" lina nguvu kiasi hicho. Hofu ina vyanzo viwili, kimoja cha mbali na kingine cha hapahapa.

Cha mbali ni utafiti mkubwa wa Marekani ambao matokeo yake ya kwanza yalitangazwa Julai 2002. Wanawake 16,608 wenye kizazi walipewa ama vidonge vya estrojeni pamoja na projestini, ama vidonge bandia. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu saratani ya matiti, kiharusi na mgando wa damu viliongezeka kwa waliopewa dawa. Habari ilizunguka dunia kwa kasi, lakini vipengele viwili vikaachwa njiani. Wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63, yaani wengi walikuwa wameshapita ukomo wa hedhi kwa miaka kumi au zaidi. Na dawa zilikuwa za kumeza, za kuzunguka mwili mzima. Hata hivyo onyo lililotokana na utafiti huo lilibandikwa pia kwenye krimu na vidonge vidogo vya estrojeni vya kuweka ukeni, ambavyo havikuwa sehemu ya jaribio lile. Imechukua zaidi ya miaka ishirini kwa jambo hilo kuanza kurekebishwa: Novemba 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuanza kuyaondoa maonyo hayo ya juu kwenye bidhaa za homoni za ukomo wa hedhi.

Chanzo cha hapahapa ni uzazi wa mpango. Kwa wanawake wengi wa Mkalama, homoni ni sindano ya miezi mitatu au vijiti vya mkononi. Neno hilo limebeba kumbukumbu ya hedhi kuvurugika, matone ya damu yasiyokwisha, unene, na wakati mwingine ugomvi nyumbani. Kumbukumbu hizo si za kubeza. Ila sindano na vijiti ni projestini kwa kipimo cha kuzuia mimba, na estrojeni ya ukeni ni mikrogramu chache zinazowekwa mahali pamoja kwa mtu asiye na mimba ya kuzuia. Kuzihukumu kwa kosa moja ni kuonea, na hukumu hiyo ndiyo inayowasukuma watu kwenye kidonge cha kumeza wakiamini wamekwepa hatari.

Hoja za wanaokitetea kidonge

Watetezi wa ospemifene wana hoja za maana. Ya kwanza ni ushahidi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 liliwahusisha wanawake 826 kwa wiki 12. Waliopewa miligramu 60 walionyesha kuta za uke zilizoimarika, asidi iliyorudi, na ukavu na maumivu yaliyopungua kuliko waliopewa kidonge bandia. Majaribio mengine yalifuata, mojawapo la mwaka mzima. Hiki hakipo kundi moja na kapsuli za barabarani.

Ya pili ni urahisi wa kutumia. Dawa ya ukeni inataka faragha, maji safi, mikono iliyonawa na mtu asiyesita kujigusa. Mwanamke mwenye ugonjwa wa viungo, aliyepooza upande mmoja, au anayelala chumba kimoja na wajukuu, hana vyote hivyo. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza unakitaja ospemifene kwa namna hiyohiyo: kifikiriwe pale ambapo dawa za kuwekwa ukeni hazitumiki kirahisi, kwa mfano kwa sababu ya ulemavu. Katika Umoja wa Ulaya kiliidhinishwa kwa mwanamke ambaye estrojeni ya ukeni haimfai.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini lakini ina uzito. Kidonge ni siri. Mwanamke anaweza kukimeza asubuhi na chai bila mume, mkwe wala jirani kujua ni cha nini. Mahali ambapo mwanamke mtu mzima akizungumzia tendo la ndoa anaonekana amekosa haya, siri hiyo inaweza kuamua kati ya kutibiwa na kutotibiwa.

Kinachokipunguzia thamani

Tatizo linaanzia kwenye sifa yenyewe. Ospemifene si homoni, hilo ni kweli, na matangazo yake Marekani yamelisisitiza. Lakini kinafanya kazi kwa kushika vipokezi vilevile vya estrojeni. Ni ndugu wa tamoxifen, dawa ambayo wagonjwa wa saratani ya matiti wanaoandikiwa kwenye hospitali za Ocean Road au Bugando wanaijua vizuri. Asili yake ni zao la toremifene, dawa nyingine ya saratani ya matiti iliyotengenezwa Finland. Dawa za ukoo huu zina tabia ya kuiga estrojeni kwenye kiungo kimoja na kuipinga kwenye kingine. Tamoxifen huipinga kwenye titi, lakini huiga kwenye kizazi, na kwa wanawake waliokoma hedhi huongeza hatari ya saratani ya ukuta wa kizazi. Ospemifene imechaguliwa kwa sababu inaiga vizuri kwenye uke. Bahati mbaya uke na kizazi ni majirani.

Kwa hiyo lebo yake ya Marekani ilitoka na onyo la juu kabisa, lenye mambo yaleyale ambayo msomaji alidhani ameyakimbia: saratani ya ukuta wa kizazi, kiharusi na mgando wa damu kwenye mishipa ya ndani. Haki itendeke: katika jaribio la mwaka mmoja saratani hiyo haikujitokeza, na matukio ya mgando yalikuwa machache. Lakini kuta za kizazi zilinenepa mara nyingi zaidi kwa waliomeza dawa kuliko kwa wenzao, na mwaka mmoja ni muda mfupi kwa tatizo linalodumu maisha yote. Aliyewahi kupata kiharusi, mshtuko wa moyo au mgando wa damu hapaswi kukitumia. Anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana hapaswi. Kuhusu aliyewahi kuwa na saratani ya matiti wadhibiti wenyewe hawakubaliani: Marekani inasema asikitumie, Ulaya inaruhusu kifikiriwe kwa aliyemaliza matibabu yote.

Kuna kero ndogo pia, na mojawapo ni kejeli kidogo. Dawa ya ukomo wa hedhi huleta vipindi vya joto la ghafla. Katika takwimu zilizowasilishwa kwenye idhini ya kwanza, asilimia 7.5 ya waliokimeza walipata joto hilo, dhidi ya asilimia 2.6 ya waliomeza kidonge bandia. Wengine hupata majimaji ukeni, mikazo ya misuli au jasho jingi.

Halafu kuna mwingiliano wa dawa, eneo ambalo kwa Tanzania ni zito kuliko lilivyo Ulaya. Fluconazole, kidonge cha fangasi kinachouzwa kwa wingi na mara nyingi bila kipimo, hupandisha kiwango cha ospemifene kwenye damu zaidi ya mara mbili na nusu. Lebo inakataza kuvitumia pamoja. Rifampicin, mhimili wa tiba ya kifua kikuu, hufanya kinyume: hushusha kiwango hicho kwa zaidi ya nusu, na dawa hubaki ni gharama tupu. Sasa mchukue mwanamke yuleyule wa mwanzo, aliyekwisha kuambiwa ana fangasi na kupewa fluconazole mara kadhaa kwa mwaka. Akiongeza kidonge hiki bila kumwambia daktari anachomeza, ameingia kwenye mchanganyiko uliokatazwa bila kujua, na kwa maradhi ambayo huenda hana.

Njia ya ukeni

Hapa ndipo mjadala unapopotea njia, kwa sababu unauliza "homoni au isiyo homoni?" wakati swali lenye faida ni "mwili mzima au mahali pamoja?" Kumeza dawa kila siku kwa ajili ya ukavu wa uke ni sawa na kufungulia mfereji shamba zima kwa sababu tuta moja la vitunguu limekauka. Linaweza kufanyika, na wakati mwingine ndiyo njia pekee iliyopo, lakini maji yatafika hata yasikohitajika.

Estrojeni ya ukeni, iwe kidonge kidogo cha mikrogramu 10 au krimu, kwa kawaida hutumika kila siku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Ufuatiliaji wa maelfu ya wanawake katika sehemu nyingine ya utafiti uleule mkubwa wa Marekani, isiyo ya jaribio la vidonge, haukuonyesha ongezeko la saratani ya matiti, kizazi au maradhi ya moyo kwa waliotumia estrojeni ya ukeni. Zaidi ya hayo, hupunguza UTI zinazojirudia, faida ambayo kwa mwanamke aliyezunguka na antibayotiki miaka miwili si ndogo. Uingereza imefika mbali zaidi: tangu Septemba 2022 mfamasia anaruhusiwa kuuza vidonge vya mikrogramu 10 bila cheti cha daktari kwa wanawake wenye miaka 50 na zaidi waliokaa mwaka mzima bila hedhi.

Udhaifu wake upo. Inataka kujigusa, jambo ambalo tumeshalitaja. Ikiachwa, dalili hurudi. Lakini hivyo ndivyo ilivyo kwa ospemifene pia. Mwenye historia ya saratani ya matiti inayolishwa na estrojeni anatakiwa kuanza na njia zisizo na homoni kabisa, na kuzungumza na mtaalamu wake wa saratani kabla ya kuigusa.

Na kuna ushahidi unaowashusha wote kidogo, watetezi wa kidonge na wa krimu. Mwaka 2018 jarida moja la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio la wanawake 302, kwa wiki 12. Wengine walipewa kidonge cha estrojeni cha ukeni, wengine jeli ya kutia unyevu, wengine vitu bandia vitupu. Makundi yote yalipata nafuu, na nafuu hiyo ilikaribiana. Wakosoaji walisema, na wana hoja, kwamba jeli iliyoitwa bandia nayo ililainisha, hivyo haikuwa bandia kamili. Lakini hata tukikubali hilo, funzo linabaki kwamba kwa dalili nyepesi hadi za wastani, kulainisha na kutia unyevu kwa utaratibu kunaweza kumtosha mwanamke.

Mafuta, jeli na vya dukani

Hatua ya kwanza kwa karibu kila mwongozo ni vitu viwili vya bei nafuu: jeli ya kutia unyevu inayotumika mara mbili au tatu kwa wiki hata pasipo tendo la ndoa, na kilainishi cha maji wakati wa tendo lenyewe. Vilainishi vya maji huuzwa kwenye famasi za mjini, na wanaovijua zaidi ni wafanyakazi wa miradi ya UKIMWI. Nduguti kilicho karibu zaidi ni mafuta ya alizeti, au yale ya mgando ya kupaka. Mafuta hulainisha, hakuna ubishi. Lakini mafuta ya aina yoyote huharibu kondomu za mpira, na kwa wenza ambao mmoja anaishi na VVU, hilo peke yake linatosha kuyaondoa kwenye orodha. Kuta nyembamba zinazochubuka tayari ni mlango mpana zaidi kwa virusi.

Baya zaidi ni vitu vya kubana: shabu, poda, vidonge vya mitishamba vya kuingiza, sabuni zenye manukato. Huuzwa kwa ahadi ya ujana, na kazi yake halisi ni kukausha na kuunguza mahali palipokwisha kukauka. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi ni kumwaga chumvi kwenye kidonda, na muuzaji anajua atarudi kununua kitu kingine cha kutuliza muwasho.

Yanayotangulia dawa

Nduguti ni makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, iliyokatwa kutoka Iramba mwaka 2012. Mgonjwa wa hapa huanza ama kwenye duka la dawa muhimu, ama kituo cha afya, na jambo likiwa zito huelekezwa hospitali kama ile ya Kilutheri ya Iambi au ya rufaa ya mkoa, Singida mjini. Maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, yamesogeza huduma vijijini kwa kiasi kikubwa. Yanaruhusiwa kuuza orodha maalumu ya dawa, na ospemifene haimo. Muuzaji anafanya kazi na alichonacho rafuni, naye rafuni ana dawa za fangasi na antibayotiki. Malalamiko ya muwasho na mkojo unaochoma yatajibiwa kwa hizo. Sioni sababu ya kumlaumu yeye. Mfumo haujampa jibu jingine. Lakini matokeo yake ni kwamba neno "sugu" linabandikwa kwenye maambukizi ambayo mara nyingine hayapo, na upungufu wa estrojeni unabaki bila jina.

Kuna sababu nyingine tatu zinazofanya kuchunguzwa na kupimwa na mtaalamu kuwa muhimu hapa kuliko aina ya kidonge.

Ya kwanza ni saratani. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, na dalili zake zinaweza kujificha nyuma ya ukomo wa hedhi: maumivu, majimaji, damu baada ya tendo. Damu yoyote inayotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi haina jina la "ukavu" mpaka daktari amechungulia na kupima. Kipimo cha siki kilichozoeleka kwenye kampeni za vijijini nacho hakimwoni vizuri mwanamke wa umri huu, kwa sababu eneo linalochunguzwa huwa limerudi ndani. Kipimo cha virusi vya HPV humfaa zaidi.

Ya pili ni ukeketaji, na hapa Singida ina sura yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 10 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Kwa Mkoa wa Singida ilikuwa asilimia 31. Wanaokoma hedhi sasa ni kizazi kilichokua wakati mila hiyo ilikuwa na nguvu zaidi. Kovu lililovumiliwa miaka thelathini kwa sababu ngozi ilikuwa na unyevu linaweza kuanza kuuma upya unyevu unapokwisha. Hakuna kidonge, chenye homoni au kisicho nayo, kinachoondoa kovu. Kinaweza kuboresha ngozi inayolizunguka, na hapo kikasaidia nusu. Mgonjwa aliyeahidiwa tiba kamili ataona amedanganywa.

Ya tatu ni shinikizo la damu na kisukari. Dawa yenye onyo la kiharusi inapewa watu ambao wengi hawajui shinikizo lao ni ngapi. Kisukari kwa upande wake huleta fangasi za kweli na muwasho wa kweli, ambao utaendelea hata kuta za uke zikiimarika.

Mizani inapolalia

Tukiweka yote pamoja, kidonge cha ospemifene hakistahili sifa kinazopewa wala dharau kinayoweza kupata. Ni dawa halisi yenye nafasi nyembamba: mwanamke mwenye dalili za wastani hadi kali, aliyejaribu vilainishi bila nafuu, asiyeweza au asiyetaka kabisa kuweka dawa ukeni, asiye na historia ya mgando, kiharusi au damu isiyoelezeka, na asiyetumia rifampicin au fluconazole. Kwa mwanamke huyo ni chaguo la haki, na daktari anayemnyima kwa sababu tu "ni mambo ya umri" anakosea.

Kwa wengi wa Nduguti, hata hivyo, naona mizani inalalia upande mwingine, na sababu kubwa ni ufuatiliaji. Dawa inayopita mwili mzima inadai mgonjwa arudi kuulizwa kama anaendelea kuihitaji, apimwe kizazi kwa ultrasaundi akitokwa damu, achunguzwe mguu ukivimba na kuuma upande mmoja. Kila dai kati ya hayo ni nauli, siku ya kazi iliyopotea na kipimo kinachotaka fedha taslimu au bima inayokikubali. Marekani dawa yenyewe, kwa jina la kibiashara, hugharimu mamia ya dola kwa mwezi. Estrojeni ya ukeni inadai kidogo zaidi kwa kila upande: bei, hatari na safari. Jeli na kilainishi vinadai kidogo kuliko vyote.

Anayeshawishika kununua kidonge chochote kupitia simu ana namna ya kujikinga: amuulize mfamasia aliyesajiliwa kama kimo kwenye daftari la Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na kama muuzaji anataka cheti cha daktari. Ospemifene ni dawa ya cheti Marekani na Ulaya, basi anayeiuza bila kuuliza shinikizo la damu, historia ya saratani wala dawa nyingine anazotumia mnunuzi anauza kitu kingine, au anauza kitu hichohicho kwa njia ya hatari.

Kwa wapangaji wa huduma wilayani, uamuzi ni wa namna tofauti. Fedha ile ile inaweza kuagiza dawa ghali ya wachache, au inaweza kuweka jeli na estrojeni ya ukeni kwenye kituo cha afya, kumfundisha muuguzi kutofautisha ukavu na fangasi, na kumwongezea mwanamke wa miaka 55 swali moja anapokuja kupimwa presha: kuna maumivu, ukavu au damu? Njia ya pili haina jipya la kutangazwa kwenye simu. Inachokosa ni mtu wa kuianzisha, kwa sababu kliniki ya mama na mtoto humwaga mwanamke uzazi unapokwisha, na hakuna dirisha jingine lililoandikwa jina lake.